Barabara Inapita kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepata kazi. Kazi! Tena ya kile nilichosomea! Miaka yote hii diploma ya upimaji ardhi imelala chini ya godoro, nami nauza viatu vya mtumba pale Kariobangi, napima nyayo za watu badala ya ardhi. Leo kontrakta wa barabara akanipigia. "Sylvance Owino? Kesho asubuhi uje. Na uvae buti."

Na barabara yenyewe ni hii yetu! Hii hapa Lucky Summer, inayopita chini ya fleti yetu, ambayo mvua ikinyesha watu wazima huivuka wameshikana mikono kama wanaenda kubatizwa. Itapanuliwa. Itatiwa lami, mitaro, taa, kila kitu.

Mukami alikuwa kwa cherehani akishona yunifomu. Nikamwambia. Mguu ukasimama.

"Ya kudumu ama ya kibarua?"

"Ya kandarasi."

Akaendelea kushona. Lakini nilimwona, alikuwa akitabasamu ndani ya kitambaa.

Kisha akampigia mamake. Hapo sasa! Nilimsikia mama mkwe kutoka upande ule mwingine wa chumba bila spika. Huyu ni mama ambaye tangu nioe bintiye hunitambulisha hivi: "Huyu ni bwana ya Mukami. Hanywi." Basi. Sifa yangu yote ni hiyo — hanywi. Leo amesema, "Hebu nipatie injinia kwa simu."

Mimi si injinia. Sikumsahihisha.

Jumatano, 5 Februari

Nilitarajia bosi mzee mwenye kitambi. Bosi ni msichana! Injinia Hibaq. Hijabu nyeusi, buti kubwa kuliko zangu, na sauti ya chini ambayo hakuna mtu hubishana nayo. Huyo ndiye injinia wa kweli. Mwenzangu wa kushika tepu ni Munyoki wa Kayole, kijana mwembamba anayeongea juu ya chakula kuanzia asubuhi.

Nimepewa jaketi ya riflekta. Sikujua nguo inaweza kubadilisha mtaa. Kinyozi ambaye huniita "boss ya viatu" amenisalimia kwa mikono miwili. Mwenye duka la gesi ametoa soda. Wote wana swali moja: "Injinia, hapa itafika wapi?"

Nilijibu kama wakubwa wanavyojibu. "Bado tunaangalia."

Tamu sana hiyo sentensi. Nimeisema hata Mukami aliponiuliza kama nimeona chaja ya simu.

Saa ya lunch tukaenda kwa mama mkwe. Hoteli yake iko mkabala na fleti yetu, ng'ambo ya barabara, mabati ya rangi ya samawati. Githeri ya mahindi na maharagwe, matumbo, chapati. Alikuwa ametandika kitambaa cha meza! Shida ni mimi. Kwetu Siaya mwanaume hali mbele ya maro, yaani mama wa mkewe. Hata kukaa mkao wa kujiachilia huwezi. Kwa hivyo nilikula nje nyuma ya mlango, nimesimama kama askari wa benki, huku Munyoki akila ndani kwa niaba ya sisi wote.

"Watu wenu huogopa chapati?" Mama aliuliza kupitia ukutani.

Baadaye alisimama mlangoni akaangalia matope. Amekuwa akiiombea hii barabara tangu Mukami akiwa msichana wa shule. Anasema lami ikifika, wateja watakuja na viatu vya kung'aa, naye ataweka viti vyenye mgongo.

Jumanne, 11 Februari

Leo tumepima sehemu yetu.

Hibaq alisimama na chombo chake katikati ya barabara. Mimi na Munyoki tukavuta tepu kwenda upande wa hoteli. Tukafika mlangoni. Hibaq akasema endeleeni. Tukapita benchi ya kwanza. Endeleeni. Tukafika kwa jiko.

Mama akainua sufuria ya githeri kwa mikono yake ili tepu ipite chini! "Pita, pita, baba. Kazi ni kazi." Tena akatushikia ncha Munyoki alipoenda kunawa.

Hibaq akaandika. Tukatoka nje.

"Yote?" nikamuuliza.

"Mlango wa nyuma unaweza kubaki."

"Na chapati?" Munyoki akauliza.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye hakuwa anafanya mzaha.

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbili sijasema. Leo nimetia chumvi kwa chai, na nikainywa yote. Mukami akaweka mkasi chini.

"Baba Shirleen. Ongea."

Nikaongea. Mstari unapita kwa jiko la mama yake. Ukuta, benchi, meza mpya ya kitambaa, vyote viko ndani ya barabara. Akanigeukia.

"Si wewe ndiye unapima? Pima vingine."

"Barabara si suruali, Mukami."

"Suruali mimi hupunguza kila siku, na mtu bado anaingia."

Nikamweleza juu ya ramani, mstari wa katikati, eneo la hifadhi ya barabara. Nilieleza vizuri kabisa, kama siku ile ya mtihani. Nilipomaliza alikuwa amerudi kwa cherehani, anaenda kasi mpaka sindano ikavunjika.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Mji mzima umevaa nyekundu. Mimi pia nilikuwa na nyekundu — mkebe mzima, na brashi. Tumeanza kupaka alama ya X kwa kila jengo la kubomolewa.

Hakuna chuo kinachofundisha jambo hili. Unapaka X kwa ukuta wa mtu huku yeye amesimama hapo akikuangalia. Fundi mmoja wa baiskeli hakunitusi. Aliniuliza tu kwa upole, "Wewe ni kijana wa nani?" Heri angenitusi. Mwenye duka la gesi ameuliza ile soda yake ilienda wapi.

Tulianzia chini, tukipanda. Karibu na hoteli ya Mama nikasema brashi imechoka, twende kwanza kule kwa kanisa. Munyoki akakubali haraka kuliko mimi. Yeye huongezewa supu pale.

Nimefika nyumbani mikono yote nyekundu. Mukami akaniangalia: "Angalau rangi umekumbuka."

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Mama akasimama kutoa ushuhuda. Alivaa ile suti ya harusi yetu. Alimshukuru Mungu kwa mkwe ambaye "anatujengea barabara". Alinifanya nisimame! Nikasimama. Nusu ya ushirika wana X. Kanisa lenyewe lina X, kando ya dirisha, kazi yangu mwenyewe.

Mchungaji akaomba Mungu alainishe mioyo ya "watu wa rangi". Amina ilikuwa kubwa. Nami nikaitikia, ningefanya nini?

Jumanne, 18 Februari

Mtaa umepinduka! Jana walitaka kunipiga, leo wananikumbatia. Kuna uvumi umetoka sijui wapi — binamu ya mtu anafanya kazi mahali — kwamba mwenye X atalipwa fidia. Kwamba X ni kama tiketi.

Sasa kila mtu anataka! Saluni ambayo iko mbali kabisa na mstari imejipaka yake kwa rangi ya kucha. Kibanda cha mboga kina X ya makaa. Munyoki ameona mkokoteni una X. Mkokoteni! Una magurudumu, si uondoke tu?

Hata Dedan, landilodi wetu, amenishika bega pale langoni akauliza kwa kucheka, lakini macho hayacheki, kama kuna rangi imebaki kwa mkebe.

Kisha Mama. Nilipita, hakunisalimia. Nikarudi nikamsalimia mimi.

"Owino," akasema. Si injinia. Owino!

"Naam, Mama."

"Wote wamewekewa. Mpaka yule wa mkokoteni. Mimi mama ya bibi yako ndiyo nimeachwa. Ni kwa sababu mimi si wa kwenu?"

Watu walikuwa wanasikia. Nikasema hatujafika tu upande ule.

"Basi fika."

Jumatano, 19 Februari

Nimefika.

Alipangusa mabati kwa kitambaa kwanza, ndiyo rangi ishike. Nilipoanza akasema, "Sio hapo, hapo mtu hataona. Leta hapa mbele." Nikaleta mbele. Akapigwa picha kando yake, mkono kiunoni, akaituma kwa kikundi cha akina mama wa kanisa. Munyoki alipewa matumbo ya bure na hakuyamaliza. Munyoki! Hakumaliza!

Hibaq alinivuta kando. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Hii ni hifadhi ya barabara, Sylvance, ardhi ya serikali. Hiyo ni notisi ya kuhama. Hakuna fidia hapo."

Nikamwambia yeye ndiye bosi, labda amweleze yeye. Akasema, bila ukali, kwamba kule kwao watu hueleza mama mkwe wao wenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Nilienda alasiri wakati hakuna wateja. Alikuwa anakanda unga. Nilibaki mlangoni kama kawaida yangu. Nikamwambia yote. Barabara inakula hoteli. X si pesa. X ni kwaheri.

Mikono haikusimama. Aliuliza tu, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kupima."

"Siku ile niliinua sufuria."

"Ndiyo, Mama."

Akakanda. Akakanda sana. Ule unga hata mimi niliuonea huruma. Akasema hayo mabati alinunua moja moja, akibeba kichwani kutoka Kariobangi. Kwamba githeri ya hapo ndiyo ilimpeleka Mukami chuo cha ushonaji. Alikuwa anayasema kama mtu anayesoma majina ya jamaa kwenye tangazo la mazishi. Kisha akageuka.

"Na ikiisha, itakuwa nzuri?"

"Itakuwa nzuri sana, Mama."

"Sasa hiyo nzuri itapitiwa na nani, kama sisi wote tumetolewa?"

Nilifungua mdomo. Nikaona ile "bado tunaangalia" inakuja. Nikaufunga.

Nilipokuwa nikiondoka akaniita. Nikadhani ananirushia kitu. Ilikuwa chapati, imefungwa kwa gazeti. "Kula huko nje kwenu."

Nimekula nikitembea. Sikuona njia vizuri. Nasema ni vumbi.

Jumatatu, 3 Machi

Amebomoa mwenyewe! Hakungoja tingatinga. Amesema hakuna mashine itatafuna mabati yake. Wikendi yote alikuwa juu ya ngazi ya mbao na fundi, anatoa misumari, anainyoosha kwa nyundo, anaiweka kwa mkebe. Jioni ya jana pale palikuwa na ardhi tupu na alama za miguu ya meza.

Alitafuta chumba kando ya barabara. Hakuna! Yaani viko, lakini tangu watu wasikie lami, kila mwenye nyumba amepandisha kodi kana kwamba barabara tayari inapita sebuleni. Barabara iliyomfukuza ndiyo imefanya asiweze kurudi.

Kwa hivyo leo nimefika nyumbani, ghorofa ya nne, nikakuta benchi kwa ngazi. Benchi ya pili mlangoni. Ndani, sufuria ile kubwa imekaa kwa jiko letu la gesi kama tembo kwa stuli.

"Ni ya muda tu," Mukami akasema.

"Ya muda gani?"

"Baba Shirleen. Bado tunaangalia."

Ah! Nimeolewa na huyu mwanamke, si kuoa.

Mjomba amepiga simu kutoka Siaya. Sijui nani alimwambia. "Maro yuko jikoni mwako?" Nikasema hushinda tu, jioni hurudi kwake. Akakata. Hakupiga tena, na mjomba wangu hawezi kukaa na maneno.

Alhamisi, 6 Machi

Biashara imelipuka! Nani angejua watu watapanda ghorofa nne kwa ajili ya githeri? Wanapanda. Wakifika juu wana njaa zaidi, wanaagiza mara mbili. Mama anasema angehamia juu zamani.

Kiti changu amekalia Munyoki. Binti yetu Shirleen anafanya homework katikati ya mafundi wa mjengo. Jana mmoja amemfundisha eneo la pembetatu vizuri kuliko mwalimu. Mukami anaziba suruali za wateja wakiwa bado mezani — wanakaa wamejifunga leso za Mama, wanakula bila haya. Wakishuka wameshiba na wameshonwa.

Dedan alikuja amekasirika. Hii ni nyumba ya kuishi, si soko! Mama akamwekea sahani. Akakaa. Tangu hapo hajakosa, na amesema mwenyewe ngazi zake ni pana, hakuna shida.

Mimi nakula kwa balkoni, mgongo kwa watu. Naangalia barabara. Lakini nasikia Mukami na mamake wakicheka huko ndani — kicheko cha wasichana. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Sitasema kwa mtu, lakini hii ndiyo wiki nzuri kuliko zote tangu nipate kazi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Na balaa. Tingatinga limechimba ule upande wa hoteli likagonga bomba. Bomba kubwa, la zamani, la maji machafu, ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Mtaa unanuka hadi mbinguni. Kazi imesimama.

Mchana wakubwa walikuja na gari, helmeti safi kama mayai. Walisimama juu ya mawe wasichafuke. Mmoja alionyesha bomba kwa kidole. Kisha kidole kikahama, polepole, kikavuka barabara, kikaelekea upande wa huku.

Upande wetu.

Nilikuwa kwa balkoni na sahani. Nikajikuta nimerudi ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi Hibaq amenipa mikebe miwili. Wa kijivu, kufuta X za upande ule. Wa nyekundu, kwa upande huu. Barabara imesukumwa kwa sababu ya bomba. Hakuniangalia machoni, naye huangalia kila mtu machoni.

Nilianza na kijivu. Nimefuta kwa fundi wa baiskeli, nikafuta kwa kanisa. Wanaimba! Nikafika pahali pa Mama. Pamebaki. Pamebaki salama kabisa, hakuna barabara itapagusa. Lakini sikuwa na ukuta wa kufuta. Kuna matope, na mtu amefunga mbuzi.

Nilisimama hapo na brashi. Mbuzi naye akasimama.

Saa sita tukavuta tepu upande wetu. Langoni kwa Dedan, endeleeni. Tukafika kwa ngazi. Dedan alijenga ngazi kwa nje, mbele ya nyumba, ndiyo apate chumba kimoja zaidi cha kupangisha kila ghorofa.

"Nyumba itabaki," Hibaq akasema. "Ngazi ndizo zitaenda."

"Na sisi wa juu?"

"Hiyo ni ya mwenye nyumba."

Dedan alikuwa hapo. Alishika ngazi kwa mkono, kama mtu anayeshika ng'ombe anayetaka kuuzwa. Akaniambia, "Lakini si hata wewe unaishi hapa?"

Sasa nimeketi kwa ngazi hizo hizo, ghorofa ya tatu. Mkebe wa nyekundu uko kando yangu, X ya ngazi bado sijaipaka. Nimesema napumzika. Wateja wananiruka: "Injinia, songa kidogo." Munyoki alitangulia juu kula, na Munyoki hana siri akiwa na supu mbele yake. Nimesikia sahani zikinyamaza. Nikasikia cherehani ikisimama.

Mama ametoka. Yuko hapo juu, mwiko mkononi. Ameangalia mkebe, akaniangalia mimi. Hana hasira. Ameuliza vile huuliza mtu anataka chapati ngapi:

"Umekuja kama mkwe, ama umekuja kama barabara?"

Nimesema, ngoja kidogo Mama, namaliza kuandika kitu cha kazi. Anadhani ni ripoti. Anangoja. Nyuma yake wateja wamejaa mlangoni na sahani zao, nao wanangoja.

"Kama ni mkwe, ingia," amesema. "Kama ni barabara, subiri watu wamalize kula."

Kutoka chini Hibaq anaita jina langu. Mara ya pili sasa.

Mukami ameshuka. Amepita kando ya mamake na suruali ya mtu mkononi, na sindano mdomoni. Ameangalia ngazi, akaangalia pa kukaa, kisha ameketi, taratibu, juu ya mkebe wa rangi, akavuta uzi, na anashona.